Medali ya reli ya Baltimore ya 1927, farasi aliyeshinda mbio na stori iliyotiwa chumvi

Kuna medali moja ya shaba ambayo wakusanyaji wa vitu vya reli wanaijua sana, ilitolewa 1927 na kampuni ya Baltimore and Ohio ya Marekani kusherehekea miaka 100 yake. Ina upana wa kama sentimita 7 hivi, yaani inajaa kiganjani, na ukiishika ni nzito kuliko ulivyotegemea. Upande mmoja kuna treni kubwa ya kisasa ya wakati ule inakuja kwa kasi, juu yake kuna kiumbe cha kufikirika kinapaa hewani, na maneno ya kujisifu: miaka mia moja, usalama, nguvu, kasi. Geuza upande wa pili, unakuta kainjini kadogo chenye boila lililosimama wima, hata kibanda cha dereva hakina, na jina lake Tom Thumb. Aliyeichonga ni Hans Schuler, mchongaji wa hukohuko Baltimore, jamaa aliyewahi kuchukua medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Salon kule Paris mwaka 1901, kwahiyo kampuni haikuokota fundi yeyote tu.

Ujumbe wake mtu anaupata hata kama hajui kusoma. Tulianza na kale kadude, tumefika huku. Sasa kasheshe inaanza ukishataka kujua kale kadude kalifanya nini hasa, maana mwaka 1827 unaosherehekewa hapo kampuni haikuwa na treni wala reli, Tom Thumb haikuwahi kuwekwa kwenye kazi ya kila siku ya kubeba abiria, na sura yake iliyoko kwenye shaba ni ya kukisia. Hakuna aliyedanganya moja kwa moja. Ila ukiisoma ile medali kama ushahidi wa mambo ya 1830 utapotea, inabidi uisome kama kitu cha 1927, kilichotengenezwa na watu wa 1927 wenye shida zao za 1927.

Tuanze na mwaka wenyewe. Baltimore ilikuwa mji wa bandari, na miaka ile ya 1820 wafanyabiashara wake walikuwa na hofu ya kweli. New York walikuwa wamefungua mfereji wa Erie mwaka 1825, mzigo wa bara unashuka kwa maji mpaka bandarini kwao kwa bei rahisi, na Baltimore inabaki inaangalia. Februari 1827 wakubwa wa mji, wakiongozwa na watu kama Philip E. Thomas na George Brown, wakakutana, wakakubaliana kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa karibu na wazimu: kujenga reli kuvuka milima mpaka mto Ohio. Tarehe 28 mwezi huohuo jimbo la Maryland likawapa hati ya kampuni. Hiyo ndo 1827 ya kwenye medali, ni tarehe ya karatasi.

Jiwe la kwanza liliwekwa 4 Julai 1828, na aliyeliweka ni Charles Carroll wa Carrollton, mzee wa miaka 90, mtu wa mwisho aliyekuwa hai kati ya wale waliosaini tangazo la uhuru wa Marekani. Mzee akasema kitendo kile anakihesabu kati ya mambo makubwa ya maisha yake, cha pili baada ya kusaini lile tangazo, kama kweli ni cha pili. Maneno mazuri sana. (Huyuhuyu mzee wa uhuru alikuwa pia mmoja wa wamiliki wakubwa wa watumwa pale Maryland, ila hilo kwenye sherehe halikutajwa.) Mto Ohio wenyewe waliufikia mwisho wa 1852 pale Wheeling, yaani jina la kampuni lilitangulia reli kwa karibu miaka 25.

Alafu kuna hili ambalo medali imelipita kimyakimya. Kampuni ilipofungua kipande chake cha kwanza Mei 1830, kama maili 13 kutoka Baltimore mpaka Ellicott's Mills, mabehewa yalikuwa yanavutwa na farasi. Farasi kabisa, na mipango ya kuwabadilisha njiani wakichoka. Mule walijaribu kila kitu: kuna gari la reli lilifungwa tanga likawa linasukumwa na upepo, kuna lingine farasi anapanda juu ya behewa anatembea kwenye mkanda ndo magurudumu yanazunguka. Tukiyasikia leo tunacheka, lakini wale watu hawakuwa wajinga. Reli zilizokuwepo Uingereza zilijengwa zimenyooka, wakati hii ya Baltimore ilifuata mabonde ya mito, kona juu ya kona, na wataalamu wengi walikuwa wanaamini injini ya mvuke ikiingia kwenye kona zile itaruka nje. Na kampuni ilikuwa imeshatia hela nyingi ardhini.

Hapo ndo anaingia Peter Cooper. Huyu hakuwa mtu wa reli, alikuwa mfanyabiashara wa New York aliyetajirika kwa kutengeneza gundi. Ila alikuwa amenunua ardhi kubwa sana pale Canton, pembeni ya Baltimore, akitegemea kwamba reli ikifanikiwa ardhi itapanda bei. Reli ikifa, na hela yake imekufa. Kwahiyo akawaambia wakurugenzi wasikate tamaa, yeye ataunganisha injini itakayopita kwenye zile kona. Kuna kupenda teknolojia hapo, sikatai, lakini kulikuwa na viwanja pia.

Aliyoiunda ilikuwa ndogo ajabu. Silinda moja yenye kipenyo cha kama inchi 3 na robo, nguvu yake inakadiriwa kama ya farasi mmoja na ushee, uzito kama tani moja. Mabomba ya ndani ya boila yalimsumbua maana Marekani ya wakati ule mabomba ya chuma ya saizi ile hayakupatikana, basi akachukua magobore, akang'oa mbao, akatumia mitutu yake. Moto ulikuwa wa makaa ya mawe aina ya anthrasaiti, makaa magumu yasiyoshika moto vizuri bila hewa ya kusukumwa, kwahiyo akaweka feni inayozungushwa na mkanda uliounganishwa na gurudumu. Huo mkanda muweke akilini, tutarudi kwake. Cooper uzeeni alisimulia pia kwamba wakati anahangaika na ile injini, usiku mmoja mtu aliingia akakata shaba yote akaondoka nayo, bila shaka kwenda kuuza kwa wanunua vyuma chakavu. Mwaka 1830! Tunaolia na nyaya za umeme na mifuniko ya mitaro tujue hii biashara ina umri.

Tarehe 28 Agosti 1830 injini ikasukuma behewa lenye wakurugenzi na wageni wao mpaka Ellicott's Mills. Kwenda walitumia kama saa moja na robo, kurudi dakika 57, na sehemu nyingine walifika maili 18 kwa saa, wageni wengine wakatoa daftari wakaandika sentensi ili kuhakikisha kwamba mtu kwenye mwendo ule bado anaweza kufikiri. Kona zote ilipita. Hapo hoja ya Cooper ikawa imethibitika, na kwa maoni yangu hiki ndo kitu halisi Tom Thumb ilichofanya, na kinatosha.

Lakini dunia haiikumbuki kwa hicho, inaikumbuka kwa mbio. Stori inakwenda hivi: wakati wa kurudi, wenye magari ya farasi, Stockton na Stokes, wakaleta farasi wao wa kijivu mwenye nguvu, akafungwa kwenye behewa kwenye njia ya pili, wakaanza pamoja. Farasi akatangulia kwa sababu injini inachukua muda kupata mvuke, alafu injini ikapata pumzi ikamkuta ikampita, watu wakashangilia, dereva wa farasi akawa anataka kukata tamaa, mara mkanda wa feni ukachomoka kwenye puli. Hewa ikakata, moto ukalala, mvuke ukashuka. Cooper akajaribu kuurudisha kwa mikono mpaka ikachanika, wapi, farasi akapita akashinda.

Stori tamu kweli. Shida ni chanzo chake. Aliyeisimulia ni John H. B. Latrobe, mwanasheria wa kampuni, na aliisimulia kwenye mhadhara mwaka 1868, yaani miaka 38 baadae, mzee anakumbuka ujana wake mbele ya watu waliokuja kusikiliza mambo ya zamani. Wanahistoria waliopekua hawakukuta gazeti la siku zile linalotaja mbio zozote, na injini kushindana na farasi hadharani ingekuwa habari. Wengine wanaona huenda kulikuwa na kitu kama hicho siku nyingine, kwa udogo, alafu simulizi ikakolea ikaunganishwa na ile safari ya wakurugenzi. Mimi naegemea huko. Ile habari ya mkanda ina ukweli wa kifundi, injini ya makaa magumu isiyo na feni lazima ilegee, mtu asiyejua ile mashine asingeitunga hivyo. Lakini kwamba ilitokea siku ileile, vile vile, mbele ya umati, hapana.

Na suala la kwamba ni injini ya kwanza ya Marekani nalo linategemea unahesabu nini. Mzee John Stevens alishazungusha injini ya mvuke kwenye reli ya duara nyumbani kwake Hoboken mwaka 1825, ila ilikuwa ya maonyesho. Agosti 1829 injini ya Stourbridge Lion ilitembea Honesdale, Pennsylvania, ila ilitengenezwa Uingereza, na ilikuwa nzito mno kwa zile reli za mbao ikaachwa. Alafu kule South Carolina, tarehe 25 Desemba 1830, injini ya Best Friend of Charleston ikaanza kubeba abiria kwa ratiba, kazi ambayo Tom Thumb haijawahi kuifanya (na haikudumu, Juni 1831 mchochea moto alichoshwa na kelele za valvu ya usalama akaizuia, boila likalipuka). Kwahiyo sifa ya Tom Thumb ukitaka kuisema kwa uangalifu ni hii: injini iliyotengenezwa Marekani ikatembea kwenye reli ya kampuni iliyoandikishwa kubeba mizigo na abiria wa umma. Sentensi ndefu, haitoshi kwenye duara la sentimita 7, ukifupisha unabaki na "ya kwanza".

Anayeniuma mimi kwenye hii medali ni mtu ambaye hayumo. Januari 1831 kampuni ilitangaza shindano, dola 4,000 kwa injini bora ya Kimarekani, masharti yakiwemo uzito usiozidi tani 3 na nusu na kuvuta tani 15 kwa maili 15 kwa saa. Aliyeshinda ni Phineas Davis, fundi saa wa mji wa York, Pennsylvania, na injini yake ikaitwa York. Mwaka 1832 akatoa Atlantic, na kutoka hapo ikazaliwa familia ya injini zilizopewa jina la utani Panzi, kwa sababu ya vile vyuma vyake virefu vya juu vilivyokuwa vinapanda na kushuka. Panzi ndo waliomtoa farasi kwenye reli ya Baltimore. Wengine waliendelea kusukuma mabehewa kwenye yadi ya Mount Clare mpaka miaka ya 1890, karibu miaka 60 kazini! Tom Thumb yenyewe ilishavunjwa vipuri 1834. Davis alikufa 1835 kwenye ajali, akiwa anaijaribu injini yake mpya.

Mbona basi akawekwa Cooper? Sababu nadhani ni kwamba Cooper alikuja kuwa jina kubwa. Alianzisha chuo cha Cooper Union New York kilichofundisha bure watoto wa wafanyakazi, aligombea urais 1876 akiwa mzee wa miaka 85, akafa 1883 akipendwa na nchi nzima. Davis alibaki fundi wa York aliyekufa mapema. Na Panzi hana stori ya mbio na farasi, ana stori ya kufanya kazi kila siku, nani ataichonga hiyo.

Sasa ile sura. Mwaka 1830 hakukuwa na picha za kamera, na kwa kuwa injini ilikuwa ya majaribio hakuna aliyeona haja ya kuitunza, kilichobaki ni maelezo ya Cooper mwenyewe na wenzake. Kwa ajili ya maonyesho ya Chicago ya 1893 mtu wa matangazo wa kampuni, Joseph Pangborn, akatengenezesha mifano ya mbao ya injini za zamani ikiwemo Tom Thumb. Ilipofika 1927 kampuni ikaunda nakala ya chuma inayotembea, kwa kufuata kazi ya Pangborn. Baadae watafiti wakaona haiendani na vipimo alivyosema Cooper: nakala ni nzito zaidi, ndefu zaidi, magurudumu makubwa, na feni iko sehemu tofauti. Hiyo nakala ipo mpaka leo makumbusho ya reli Baltimore, ndo inayopigwa picha na kila mtu, na medali imezaliwa kwenye ukisiaji uleule.

Kwanini gharama zote hizo mwaka 1927? Angalia mwaka wenyewe. Mwezi Mei kampuni ya Ford ilitoa gari lake la Model T la milioni 15, mwezi huohuo Lindbergh akavuka Atlantiki kwa ndege peke yake. Reli ambazo zilikuwa mfalme wa usafiri zikaanza kuonekana kitu cha babu. Rais wa kampuni, Daniel Willard, akaamua kufanya sherehe ambayo haijawahi kuonekana, kuanzia 24 Septemba mpaka 15 Oktoba pale Halethorpe nje ya Baltimore, kiingilio bure, injini za miaka yote zinapita mbele ya jukwaa kwa mvuke wake zenyewe, moja baada ya nyingine, na watu waliokuja walizidi milioni 1. Waingereza wakaleta injini yao mpya kabisa, King George V ya kampuni ya Great Western, ikapewa kengele yenye maandishi ya shukrani na medali za kubandika ubavuni mwa kibanda cha dereva. Injini hiyo imehifadhiwa kwao mpaka sasa, na kengele bado iko mbele, kitu ambacho injini nyingine za Uingereza hazina.

Kwahiyo usalama, nguvu, kasi ni jibu kwa mtu anayefikiria kununua gari. Na ndo maana pia huoni mambo mengine ya ile miaka 100. Huoni vibarua wa Kiairishi waliochimba milima. Huoni Julai 1877, pale kampuni ilipokata mishahara kwa asilimia 10 ikiwa ni mara ya pili ndani ya muda mfupi, wafanyakazi wa Martinsburg, West Virginia, wakagoma wakazuia treni, mgomo ukasambaa nchi nzima, na Baltimore peke yake wanajeshi wa jimbo wakaua watu 10 kwa risasi kwenye siku moja. Kampuni inayojifanyia birthday haiwezi kuweka hayo, sijategemea iweke, ila msomaji ayajue.

Kidogo kuhusu utengenezaji, maana watu wanadhani medali ni sarafu kubwa tu. Mchongaji hachongi ile saizi ndogo. Anatengeneza umbo kubwa, upana wa sahani au zaidi, kwa udongo alafu plasta, anahangaika na kila mstari, ndipo umbo linapelekwa kwenye mashine ya kupunguza. Mashine hiyo, maarufu zaidi ikiwa ile ya Kifaransa ya Janvier, ina ncha inayotambaa juu ya umbo kubwa taratibu sana, huku upande wa pili kisu kinafuata mwendo uleule kwa udogo kwenye chuma cha pua, ni kama fundi ufunguo anavyokopi ufunguo ila huku kopi inatoka ndogo. Kutoka hapo unapata muhuri wa chuma unaokomazwa kwa moto. Shaba inagongwa kwa presi zaidi ya mara moja, na katikati ya kugonga inachomwa tena ilainike, maana michoro ya medali imeinuka juu sana kuliko ya sarafu na pigo moja halitoshi kuijaza. Mwisho inapakwa kemikali kupata ile rangi ya kahawia. Ukiikuta Schuler ameweka moshi na mawingu yanayotoka kwa ngazi ngazi, huo undani unatokana na hayo mapigo ya kurudia.

Ile rangi ya kahawia ndo kitu cha kuangalia ukitaka kununua. Sio uchafu, ni sehemu ya kazi, na ikishasuguliwa na dawa ya kung'arishia shaba hairudi, na michoro ya juu inalika. Ishike pembeni, sio usoni, mafuta ya vidole yanaacha alama. Kwa walioko pwani unyevu wenye chumvi ndo adui, madoa ya kijani yenye unga yakianza yanatafuna ndani, na vile vimfuko laini vya plastiki vya bei rahisi vinazidisha, bora boksi kavu au karatasi isiyo na asidi. Kampuni yenyewe ilishamezwa, mwaka 1987 jina la Baltimore and Ohio lilifutwa kwenye vitabu na reli zake sasa ni za kampuni nyingine ya reli, CSX, kwahiyo hakuna zitakazotengenezwa tena, lakini zilizopo sokoni ni nyingi tu na muuzaji akikwambia ni adimu anakupima. Angalia jina la Schuler lipo, angalia uso haujakwanguliwa, na ukiletewa inayong'aa njano tupu usilipe bei ya nzima.